MAPISHI YASIYO NA VIPIMO SI MAPISHI



Ndugu zetu wapenzi, mama na dada zetu, na wanafunzi mnaojipikia wenyewe,

Intaneti imejaa mapishi ya keki, lakini mengi hayastahiki jina hilo. Picha imepambwa, kisha linafuata neno: "unga vikombe 3, mafuta kiasi, choma mpaka iive". Kikombe gani? Kiasi gani? Moto gani? Dada anavunja mayai 6 ya pesa za matumizi, keki inatoka imezama katikati, kisha anajilaumu kuwa hana mkono wa keki. Tunasema wazi: kosa si lake, ni la aliyeandika.

Tuanze na kikombe. Cha Marekani ni mililita 240 hivi, cha Australia ni 250, na kile cha zamani cha Uingereza ni 284. Hata kwa kikombe kimoja hicho hicho, unga uliotiwa kwa kijiko na kusawazishwa una gramu 120 hivi, na uliochotwa kwa kushindiliwa hufika 150. Kwa vikombe 3 tofauti ni gramu 90, na hizo zatosha kuifanya keki laini iwe kavu. Gramu haibadiliki kwa nchi wala kwa mkono.

Kisha moto. Mapishi mengi ya Marekani husema digrii 350. Hizo ni za Fahrenheit, sawa na 177 za Selsiasi. Anayenakili bila kueleza anamfanya mwenye oveni ya Selsiasi azungushe kitufe mpaka mwisho: juu inaungua, ndani mbichi.

Wako pia wanaofasiri wakachanganya hamira, beking poda na magadi ya keki kana kwamba ni kitu kimoja. Hamira ni ya mkate, nayo huhitaji muda wa kuumuka. Magadi ya keki huhitaji kitu kikali kama mtindi au ndimu, na nguvu zake ni kama mara tatu ya beking poda. Ukiyatia kijiko kwa kijiko badala ya beking poda, keki itakuwa na ladha ya sabuni.

Kwetu sisi liko kubwa zaidi. Arki halisi ya vanila, kwa kanuni za Marekani, lazima iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Jelatini nyingi hutokana na nguruwe. Anayeiandikia familia ya Kiislamu akapita hapo kimya, amefanya khiyana, ilhali hiliki, unga wa vanila usio na alkoholi na agaa ya mwani vipo.

Watasema: "Mabibi zetu walipika kwa macho." Kweli, lakini bibi alimweka mjukuu ubavuni, akautazama mchanganyiko, akamwambia "bado, ongeza". Simu haimwambii mtu "bado". Anayefundisha kwa maandishi hana budi kuandika kile ambacho bibi alikionyesha kwa mkono. Na siku hizi ziko hata programu zinazotunga mapishi ambayo hakuna mtu aliyeyaonja!

Suratul-Mutwaffifiyn imewakemea wanaopunja vipimo. Ummah uliofundishwa uadilifu wa mizani sokoni haufai kuidharau mizani jikoni.

Basi kabla ya kuvunja yai, angalia haya:

1. Je, vipimo viko kwa gramu?
2. Je, joto limetajwa kwa Selsiasi, pamoja na dakika?
3. Je, unga ni wa kawaida au uliokwishatiwa beking poda?
4. Je, ukubwa wa chombo umetajwa? Cha duara cha sentimita 25 kina eneo zaidi ya mara moja na nusu ya cha sentimita 20.
5. Je, wanaosifu wamepika, au wameona picha tu?

Likikosekana moja, tafuta mapishi mengine. Kama yote yapo, jaribu kwanza nusu ya vipimo, usijaribu siku ya 'Iyd wala kwa oda ya watu.

Nanyi mnaoandika, pikeni kwanza, pimeni, kisha muandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na israfu ya jikoni nayo tutaulizwa.

Wa biLLaahi at-Tawfiyq.