Seva ya shule yataka utulivu, si upya

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mwalimu aliyekabidhiwa seva ya shule, na kila mwanafunzi atakayeajiriwa kesho kuzitunza seva za wengine.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka wa 1991, ni kiini tu. Makundi mbalimbali hukichukua kiini hicho, yakakiongezea programu na kukitoa kwa majina yao: Debian, Ubuntu, Fedora na mengineyo. Kwa kuwa hayo hupatikana bila malipo, wengi huchagua lile lililotoka jana au lililosifiwa na rafiki. Huko, twasema, ni kupotoka.

Ifahamike kwamba seva si kompyuta ya kuchezea. Humo mna alama za mitihani na hesabu za karo. Fedora ni nzuri kwa mwenye kiu ya mambo mapya, lakini kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi 13 pekee. Debian imara haina pupa: likishatoka toleo, programu zake hazibadilishwi ovyo, bali huletewa marekebisho ya usalama na ya makosa mazito, kwa jumla ya miaka 5. Ubuntu nayo hutoa kila baada ya miaka 2 toleo la kudumu, ambalo hutunzwa miaka 5 bila malipo.

Hata hivyo, utulivu si wa programu peke yake. Ni wa ahadi pia. CentOS 8 ilitoka mwaka wa 2019, na watu wakaipokea wakitarajia kwamba ingehudumiwa hadi 2029. Mnamo Disemba 2020, mradi huo uliokuwa chini ya kampuni ya Red Hat ulitangaza kuwa huduma ingekoma mwisho wa 2021. Ni kweli kwamba Rocky Linux na AlmaLinux zilizuka mwaka huo wa 2021 kuliziba pengo. Lakini waliohama walihama kwa kulazimika, si kwa kupanga. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua, maswali matatu hayana budi kuulizwa. Je, ni nani mwenye mamlaka ya kuubadilisha mwendo wa mfumo huu? Huduma yake itakoma tarehe gani? Na hapa shuleni, ni nani awezaye kuutunza mwalimu mhusika akihamishwa?

Wapo watakaoteta kwamba programu za Debian ni kuukuu. Hatukatai. Lakini mhasibu anayepokea karo siku ya kufungua shule hahitaji programu ya jana. Ahitaji ile isiyomwangusha.

Wala utulivu usigeuzwe kisingizio cha uzembe. Mfumo imara usiowekewa marekebisho ya usalama ni nyumba ya mawe isiyo na mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twawahimiza wakuu wa shule waiandike tarehe ya kukoma kwa huduma pale inapoonekana na wote, na waanze maandalizi ya kuhama mwaka mmoja kabla. Nao walimu wawafunze wanafunzi si kuiweka Linux tu, bali pia kuieleza sababu ya kuichagua.