Bando la jero na pepa ya Novemba

Wiki hii naomba tuziweke pembeni stori za mapenzi, maana nyumbani kuna ishu nzito. Mdogo wangu wa kike anarudia mtihani wa fomu foo Novemba hii kama mtahiniwa wa kujitegemea. Dingi kashatamka: hela ya tuisheni haitoki tena, na akifeli safari hii anapelekwa kwa fundi cherehani. Cherehani si kazi mbaya (mashati yangu yote yametokea huko), ila mwenyewe anataka unesi. Kilichobaki ni simu yake yenye kioo kilichopasuka, bando la jero, na mimi kaka yake niliyeishia fomu foo hiyo hiyo.

Basi tukaingia mtandaoni, maana mjini kila mtu anakwambia masomo yapo bure. Kweli yapo. Kuna Salman Khan, siyo yule wa filamu za Kihindi anayevua shati, huyu ni Mmarekani. Mwaka 2004 alianza kumfundisha hesabu binamu yake akiwa mbali naye, na mwaka 2008 akaanzisha Khan Academy. Jamaa anafafanua hesabu mpaka raha. Lakini video zinakunywa bando kama mlevi aliyepewa ofa, halafu zile tulizofungua sisi zote ni Kiingereza.

Hapo ndipo kwenye utata, msomaji. Mtoto kasoma msingi miaka 7 kwa Kiswahili, akiingia fomu wani anakuta baiolojia, fizikia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza. Mdogo wangu ukimwuliza usanisinuru kwa Kiswahili anakuchambulia hadi unasinzia. Muulize hilo hilo kwa Kiingereza, kimya. Jibu analo, swali ndilo halijui. Sasa video mia za baiolojia zitamsaidia nini?

Kwa hiyo tukaanza na lugha. BBC Learning English wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, dakika 6 za sauti, na maandishi yake yapo, unasoma huku unasikiliza. Sauti haili bando kama video. Unashusha mara moja, unarudia hata mara kumi. Siku hizi anafua na hedifoni masikioni. Duolingo nayo ina kozi ya Kiswahili tangu mwaka 2017, imetengenezwa kwa ajili ya wanaojua Kiingereza. Yeye anaitumia kinyumenyume, na inamsaidia!

Ila dhahabu yenyewe tuliikuta kwa NECTA. Wengi wetu tovuti ile tunaifungua siku ya matokeo tu, kuchungulia mtoto wa jirani kapata divisheni gani. Kumbe Baraza linaweka pia taarifa za jinsi watahiniwa walivyojibu, somo kwa somo, swali kwa swali. Utaona swali lilitaka nini, wengi waliteleza wapi, na vipande vya majibu yenyewe kwa mwandiko wa watahiniwa, la aliyepata na la aliyekosa. Bure kabisa! Unashusha faili, bando likikata unaendelea kusoma.

Jioni tunakaa naye. Anasoma jibu lililokosewa, ananiambia kwa Kiswahili limekosewa wapi, kisha analiandika upya kwa Kiingereza. Kuna watu wanalia humo, jamani. Swali linasema eleza, mtu kaorodhesha tu kama anaagiza vitu dukani. Mwingine kanakili swali lenyewe akaliita jibu. Mdogo wangu alicheka, halafu akanyamaza, akaomba kalamu.

Juzi kuna mjanja kamtumia ujumbe eti anauza pepa ya Novemba kwa elfu 20. Nilimjibu mwenyewe: atutumie kwanza cheti chake cha fomu foo tuone ilimsaidiaje. Mpaka naandika hapa, hajarudi.

Tuonane wiki ijayo.