Tuwaulize Vijana, Tena kwa Picha

Mikutano ya afya vijijini huwa ya wakubwa. Mgeni husema, wazee huitikia, vijana hutumwa kuleta viti. Lakini ni nani wanaoshinda majini? Ni vijana hao hao: huteka, hufua, huogelea, hunywesha mifugo. Sisi wa Nyegina, jirani na Ziwa Viktoria, tunaona yafaa vijana wapewe kamera, au simu yenye kamera, watuonyeshe wanayoyaona.

Njia hii si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Yunnan nchini China, akina mama wakulima 62 walipewa kamera. Mojawapo ya picha zao ilionyesha mama akipalilia mahindi, na mtoto wake mchanga amelala peke yake kando ya shamba. Mama gani wa huku asiyeielewa picha hiyo? Mathare, Nairobi, vijana wa chama cha michezo cha MYSA walianza kupiga picha za mtaa wao mwaka 1997.

Chukueni kichocho. Sote tumefundishwa kwamba mkojo na kinyesi vikiingia majini huambukiza konokono, kisha minyoo michanga hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu. Dawa huponya, ila haizuii kuambukizwa tena. Somo tunalijua, kinachotushinda ni mahali penyewe. Kijana akileta picha ya kijia kitokacho vichakani hadi pale tunapotekea maji, tumwulize: kwa nini watu hupita hapo? Pengine atajibu kwamba mwaloni hakuna choo. Hapo basi si suala la kuwakemea watoto wasiogelee, ni kazi ya serikali ya kijiji pamoja na sisi wazazi.

Wapo watakaosema watoto wanatoa siri za nyumba. Hofu hiyo ina haki yake. Mgonjwa na mtu anayeoga wasipigwe picha kamwe, na mwenye mji aombwe ruhusa, aione picha kabla ya wengine. Lakini kumchapa kijana aliyepiga picha ya choo kilichobomoka hakujengi choo.

Picha hizo zionyeshwe kigangoni, mwenyekiti wa kijiji na mganga wa zahanati wakiwepo, na siku ya kuleta majibu itajwe papo hapo. Vijana wenyewe waeleze picha zao. Katekista asiwasemee.