Bustani Juu ya Mawe

Likizo zikifika mzazi wa mjini husumbuliwa na swali moja: watoto wapelekwe wapi? Wa Mombasa ana jibu karibu, Haller Park pale Bamburi. Huko kuna viboko, mamba na kobe, na mtoto humlisha twiga kwa mkono wake. Je, mwenzako wa Tarbaj, kule Wajir kwenye barabara iendayo El Wak na Mandera, awapeleke wapi wake?

Swali hilo niliulizwa na mwanafunzi wa huko tulipoketi chini ya mivinje ya Bamburi. "Mjomba," akaniambia, "nyinyi mna udongo." Nikacheka. Mahali pale palikuwa shimo tupu lililochimbwa mawe ya kutengenezea saruji, jua likiwaka juu ya mwamba. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti humo. Alipanda aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Likazuka tatizo jingine: majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza. Unajua aliyeiokoa kazi? Jongoo! Waliletwa kwa mamia, wakayala majani, na kinyesi chao kikawa udongo. Ndiye huyo huyo ambaye watoto wetu humpiga teke.

Sasa usiniambie Tarbaj si Bamburi. Najua. Bamburi mizizi iliyafikia maji yaliyo chini ya shimo. Tarbaj maji ni ya watu na mifugo kwanza. Anayewazia nyasi za kijani na maji ya kurushwa hewani kama Dubai aiache ndoto hiyo hapo hapo. Lakini maji ya udhu humwagika msikitini mara tano kwa siku. Yakichimbiwa mfereji yatakuza mwarobaini na migunga. Penye kivuli, funga bembea. Pembeni simamisha nyumba ya wahamaji, ile ya miti iliyopindwa na mikeka, nyanya wawaonyeshe wajukuu inavyojengwa na kupakiwa juu ya ngamia. Panda na miti ya ubani, ili mtoto anayeunusa nyumbani kila jioni aone unakotoka. Ila mathenge msiuguse! Ulipandwa sehemu kame kuzuia jangwa, ukaziba malisho na kuharibu meno ya mbuzi, hata wafugaji wa Baringo wakaenda mahakamani mwaka 2006.

Kubwa zaidi ni kiwanja. Mji mdogo ukianza kukua ploti hukatwa upesi, na mchezo wa watoto haukumbukwi na mtu. Nairobi yenyewe ilikaribia kuipoteza sehemu ya Uhuru Park mwaka 1989, ulipopangwa kusimamishwa humo mnara wa ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua, akatukanwa, mpaka mpango ukaachwa. Yeye alikuwa na bustani ya kuitetea. Mzazi wa Tarbaj atatetea nini iwapo ardhi yenyewe haijatengwa?

Tulipokuwa tukiondoka, kijana aliniuliza aanze na mti gani. Nikamwambia miti ingoje kwanza. Atafute vigingi vinne vya mpaka, awaone wazee, na aandike barua kwa serikali ya kaunti yenye sahihi za wazazi wengi.