Mkwaruzo kwenye simu mpya

Mwanjelwa kule Mbeya, na Iringa vilevile, mnunuzi akikuta mkwaruzo kwenye simu mpya huonyeshwa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Huitwa msumbufu, maana simu inafanya kazi!

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi hawakupima hivyo. Aibu ya mali, kwao, ni pamoja na kila kinachopunguza thamani yake, iwapo kwa kawaida bidhaa ya jinsi ile huwa haina. Basi tumwulize mwenye duka: yeye angeipokea Kariakoo kwa bei ileile? Kama asingeipokea, mnunuzi anayo khiyari ya kuirudisha, na maandishi ya risiti hayaiondoi. Ila airudishe mara moja. Aliyeuona mkwaruzo akaitumia simu wiki nzima amekwisha kuridhia.