Mwanamke wa kawaida naye ana historia

Mara kwa mara wanafunzi wangu huniuliza kwa nini historia tunayowasomesha imejaa wafalme, majemadari na magavana, ilhali wanawake waliopika, waliofua na waliolea hawaonekani humo. Aghalabu sisi walimu hujibu kwamba watu wa kawaida hawakuacha maandishi. Jibu hilo ni la uvivu. Maandishi yapo tele. Tulichokosa ni subira ya kuyatafuta, na hadhari ya kuyachunguza kabla ya kuyasadiki.

Natoa mfano wa Annie Moore, msichana wa Cork, nchini Ireland. Tarehe 1 Januari 1892, kituo kipya cha kupokea wahamiaji kilipofunguliwa katika kisiwa cha Ellis, kwenye bandari ya New York, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa. Alikuwa amesafiri kwa meli ya Nevada pamoja na ndugu zake wawili wadogo, Anthony na Philip, wakiwafuata wazazi waliokuwa wametangulia. Akatunukiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10, magazeti yakamtaja, kisha akatoweka katika halaiki ya watu wa jiji lile.

Palipo na pengo, hadithi haikawii kulijaza. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Annie alielekea Texas, akaolewa na mtu wa ukoo wa Daniel O'Connell, mwanasiasa mashuhuri wa Ireland, na hatimaye akagongwa na tramu na kufariki mwaka wa 1923. Hadithi ilipendeza, nayo ikaenea. Jamaa za mwanamke huyo wa Texas walialikwa hata kwenye sherehe za kumkumbuka Annie. Lakini mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, alipozipekua nyaraka, aligundua kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, huko huko Marekani. Hakuwa mhamiaji kamwe!

Ukweli ulibainika mwaka wa 2006. Annie wa Cork hakwenda Texas. Aliishi Lower East Side, mtaa wa maskini jijini New York. Aliolewa na Joseph Schayer, mwana wa mhamiaji kutoka Ujerumani, akazaa watoto wasiopungua 11. Watano tu ndio waliofikia utu uzima. Alifariki mwaka wa 1924 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika makaburi ya Calvary mtaani Queens. Kaburi lake lilikaa bila jiwe wala jina hadi mwaka wa 2008.

Je, mtu aliyeandikwa magazetini siku ya kwanza alipoteaje hivyo? Alipotea kwa sababu ya jina. Alipoolewa, Moore alifutika na Bi. Schayer akachukua nafasi yake. Isitoshe, kwa sheria ya Marekani ya mwaka wa 1855, mwanamke mgeni aliyeolewa na raia alipata uraia kupitia kwa mumewe, kwa hivyo hakuwa na haja ya cheti chake mwenyewe. Basi haishangazi kwamba uzi uliowaongoza watafiti kwa Annie ulikuwa hati ya uraia ya nduguye, Philip. Ilibidi mwanamke atafutwe katika karatasi za mwanamume.

Hapa ndipo sisi wanaisimu tunapokuwa na la kusema. Rekodi si kioo cha maisha ya mtu. Ni maandishi ya karani aliyesikia, akakadiria, akaandika. Magazeti ya New York yalidai kwamba Annie ana miaka 15, ilhali aliyezaliwa mwaka wa 1874 alikuwa na 17. Katika lugha ya Kiayalandi, binti wa ukoo wa O'Brien huitwa Ní Bhriain, lakini kwa karani aliyeandika kwa Kiingereza, wake kwa waume walikuwa O'Brien tu. Bridget mmoja aweza kuonekana kwingine kama Delia au Biddy, na mtafiti asiyejua hilo atadhani ni wanawake watatu. Wapo pia wanaoamini kwamba maafisa wa kisiwa cha Ellis waliwabadilishia wageni majina. Maafisa hao walihakiki tu orodha zilizoletwa na meli zenyewe.

Kuna nyaraka nyingine ambazo hatutazipata tena. Mwezi wa Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka za umma mjini Dublin iliteketea, na sehemu kubwa ya sensa za kati ya 1821 na 1851 ikawa majivu. Sensa nne zilizofuata zilikwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali. Hata hivyo, ng'ambo ya bahari, benki ya akiba iliyoanzishwa na Waayalandi jijini New York mwaka wa 1850 iliwauliza wateja majina ya wazazi, ndugu na mahali walikozaliwa, ili kuzuia ulaghai. Leo madaftari hayo ni hazina. Mtumishi wa nyumbani aliyeweka dola chache aliweka pia ukoo wake, bila kujua.

Atatokea wa kuuliza: ikiwa Annie alikuwa maskini asiye na makuu, yafaa nini kumsumbukia? Yafaa sana. Annie wa uongo alipendwa kwa kuwa alitimiza ndoto: alisafiri mbali na kuolewa katika ukoo wenye jina. Annie wa kweli atueleza jinsi uhamiaji ulivyokuwa hasa kwa wengi: chumba finyu na majeneza madogo. Tulipomkubali yule wa Texas, tulimnyima huyu hata machozi yake.

Nawasihi walimu wenzangu wawape wanafunzi zoezi moja. Kila mmoja atafute karatasi moja inayomtaja nyanya yake, iwe cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au risiti ya ada. Ajiulize: nani aliiandika, kwa lugha gani, na alisikia nini? Katika nchi hii, kipande cha enzi ya ukoloni kilitolewa kwa wanaume. Nyanya zetu hawamo katika madaftari yale. Basi wale ambao bado wako hai waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe kwa majina yao wenyewe.