Kusaini Mahudhurio Si Kushirikishwa

Kitabu kimeandikwa, michoro imekamilika, fedha za kuchapa zipo. Ndipo walimu na wazazi wanaitwa warshani, wanapewa posho, wanasaini, na ripoti inatamka kwamba wadau wameshirikishwa. Kuamini kwamba huko ni kushirikisha ni upotofu, na wanaoumia ni watoto.

Kenya iliyaona hayo. Mtaala wa umilisi (CBC) ulianza kutumika Januari 2019. Jopokazi la Profesa Raphael Munavu, lililozunguka kusikiliza wazazi na walimu, liliundwa Septemba 2022, na likapendekeza masomo ya sekondari ya chini yapunguzwe kutoka 14 hadi 9. Pendekezo lilipotoka, darasa la saba lilikuwa limekwisha kuyaanza. Mwalimu yeyote wa kijijini angesema mapema kwamba mzigo ni mkubwa.

Nchini Malawi hali inauma zaidi. Dzaleka, wilayani Dowa, gereza la zamani la enzi za Rais Kamuzu Banda, ni kambi ya wakimbizi tangu 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Watoto wao wanakutana na vitabu vya Chichewa na Kiingereza.

Kumbe masomo kwa Kiswahili yapo! Programu ya tableti ya onebillion, ya kujifunza kusoma na kuhesabu, iliyokomazwa kwa Chichewa katika shule za Lilongwe, ilijaribiwa kwa Kiswahili vijijini Tanga na ikawa mmoja wa washindi wawili wa shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019. Sasa serikali ya Malawi inaisambaza kwenye shule za msingi. Mama Mkongomani angeuliza siku ya kwanza kwa nini mwanawe asifundishwe kwa Kiswahili, kama angeitwa kabla lugha hazijachaguliwa.

Wapo wanaosema mzazi hajui ufundishaji. Lakini Dzaleka wamo waliofundisha kwao Kongo na Burundi. Na Mei 2023, wakimbizi walipoondolewa Lilongwe kwa nguvu na kupelekwa Dzaleka, watoto walikatishwa masomo. Mzazi aliyetolewa mjini anajua mwanawe aliachia wapi kuelewa.

Taasisi ya Elimu ya Malawi, inayoandaa mitaala kule Domasi, iwaite watu hawa kabla sura ya kwanza haijaandikwa, iwape mamlaka ya kuikataa, ijaribu rasimu darasani muhula mzima, kisha itangaze ni nini kilibadilishwa kwa kauli yao.